Je, wajua kwa nini mfarishi wa buluu tupu, tandiko la vipande vya kitambaa vilivyoungwa, hupendeza buluu zake zisipofanana?

Nenda Kiyembe, kichochoro cha Kampala ambacho vyerehani vyake havinyamazi, uwaombe mafundi vipande vya buluu vilivyowabakia. Huenda utafanya nilichofanya mimi mara ya kwanza: kuokota vinavyofanana na kuviacha vingine. Nilishona mfarishi mzima kwa vipande hivyo. Nilipoutandika, ukaonekana kama shuka moja iliyokatwa kwenye jora. Jirani yangu akauliza, kwa nia njema kabisa, "Sasa Hajati, si ungenunua kitambaa kizima tu?"

Kosa halikuwa kwenye mshono. Vipande viwili vikikaa ubavu kwa ubavu, jicho huona mpaka wake hasa kwa tofauti ya mwanga, yaani kipi kimekoza na kipi kimepauka. Jina la rangi huja nyuma. Na buluu ina taabu yake ya pekee: kati ya chembe za jicho zinazotambua rangi, zile za buluu hazifiki 10 katika kila 100, tena hazisaidii sana kuona ncha na mistari myembamba. Kwa hiyo buluu mbili zenye ukozo mmoja, hata kama moja inaelekea kijani na nyingine zambarau, ukirudi nyuma hatua chache zinamezana. Weka nili iliyokoza kando ya samawati iliyopauka, mpaka unajitokeza wenyewe.

Basi rangi ikiwa moja, kazi yote inabaki kwa mwanga. Ndiyo maana mfarishi wa rangi moja unadai vitambaa vya aina nyingi kuliko ule wa rangi kumi.

Ukienda soko la Owino kwenye mivumba, yaani nguo za mitumba, usitafute buluu inayooana na uliyo nayo. Tafuta mashati yaliyofuliwa mpaka yakachoka, sare kuukuu, mashuka, suruali za jinzi. Jinzi ni mali, kwa sababu nyuzi zake za mtande (za urefu) hutiwa nili na za mshindo (zinazokatiza) huachwa nyeupe. Upande wa nje umekoza na wa ndani umepauka, kwa hiyo suruali moja inakupa buluu mbili bila kuongeza shilingi. Kitambaa kingi kilichochapwa maua upande mmoja nacho ukikigeuza kinakupa rangi hafifu ya bure.

Mabaki ya gomesi, gauni refu la wanawake wa Uganda, hasa ya satini, yana ujanja wake. Satini inang'aa kwa kuwa nyuzi ndefu za upande mmoja zimelala juu na kurudisha mwanga kuelekea upande fulani. Kata miraba miwili kutoka kipande kilekile, zungusha mmoja robo duara, uutazame tena karibu na dirisha. Utadhani ni vitambaa viwili. Mimi sichoki kuwaonyesha watu jambo hili.

Ila usiamini rangi uliyoiona ndani ya kibanda. Rangi mbili za viwandani zinaweza kufanana kabisa chini ya taa ya umeme, ukitoka juani moja ikawa na wekundu, kwa kuwa kila rangi hurudisha mwanga kwa namna yake na mwanga wa taa si sawa na wa jua. Muombe mwenye kibanda akuruhusu utoke nje na kipande. Hakatai.

Nyumbani, tandaza vipande kwenye mkeka na ufinye macho. Au vipige picha kwa simu na uiondoe rangi ibaki nyeusi na nyeupe: kama yote imekuwa kijivu cha namna moja, rudi sokoni. Mimi huweka vya katikati viwe vingi, vilivyopauka viwe nusu yake, na vilivyokoza sana viwe vichache, maana vikizidi vinaonekana kama mashimo.

Fua kila kitu kabla ya kukata. Kipande chenye nili nyingi kinaweza kutoa rangi, kwa hiyo kilowe na ukikandamize kwa kitambaa cheupe uone. Kama hujui ni pamba au ni nailoni na ndugu zake, choma uzi mmoja: pamba hunuka karatasi na kuacha jivu laini, ile nyingine huyeyuka na kuganda kishanga kigumu. Hiyo ya pili pasi ya moto itaiharibu. Na kitambaa kinachovutika kiache kabisa.

Kukata ni kufuata nyuzi. Ukikata hanamu, ukingo wake unavutika mkononi na mraba unageuka kitu kisicho na jina. Miraba ya inchi 5, ukishona robo inchi kila upande, inabaki inchi 4 na nusu. Kumi na sita kwa safu, safu 20, ni miraba 320 na mfarishi wa inchi 72 kwa 90. Sasa hesabu kosa: safu ya miraba 16 ina mishono 15, na kila mshono ukila moja ya nane ya inchi zaidi, safu inapungua karibu inchi 2. Safu zako hazitakutana, na hakuna pasi itakayoziokoa. Piga pasi kila mshono ukiulaza upande wa kitambaa kilichokoza, usije ukachungulia kupitia kile chepesi.

Kwa joto la Kampala bitana ya shuka kuukuu inatosha. Kama unaupeleka Kabale, kwenye baridi ya milima, weka blanketi jepesi katikati, upige bandi matabaka yote matatu, ndipo ushone juu ya mistari ya miraba kwa uzi wa buluu. Wa buluu ipi, hapo hata mimi hushika viwili mkononi nikabaki nimesimama.