Je, wajua kuna mwezi wa Zohali wenye bahari ya magadi?

Magadi, hayo hayo yanayotiwa kwenye chungu cha maharage ili yaive upesi, ni chumvi za sodiamu na kaboneti. Chumvi za jamii hiyo zimekutwa kwenye chembe za barafu zinazoruka kutoka Enceladus, mmoja wa miezi ya sayari ya Zohali. Wanaotafuta uhai nje ya Dunia wanautazama mwezi huo kwa hamu kubwa, na magadi ni sehemu ya sababu.

Enceladus ni mdogo: kipenyo chake ni kilometa 500 hivi, karibu sawa na safari ya barabara kutoka Nairobi hadi Mombasa. Uso wake ni barafu tupu, baridi ikikaribia nyuzi 200 chini ya sifuri. Lakini mwaka 2005 chombo cha anga za juu cha Cassini kiliona mvuke na barafu vikifoka kutoka kwenye nyufa za ncha yake ya kusini. Chini ya ganda lile kuna bahari ya maji ya chumvi iliyouzunguka mwezi mzima.

Mbona haigandi? Chukua waya, ukunje na kuukunjua mara nyingi mahali pamoja, kisha uguse. Una moto. Enceladus huizunguka Zohali kwa saa 33 hivi, na njia yake si duara kamili, kwa hiyo mvuto wa sayari unaubana na kuuachia bila kukoma. Nguvu hiyo ni ndugu ya ile inayoyafanya maji yajae na kupwa huku pwani.

Mwaka 2015 Cassini kilipita ndani ya mvuke huo, kilometa 49 tu juu ya uso, kikakuta haidrojeni. Huenda inatokana na maji ya moto yanayokutana na miamba chini ya bahari. Hapa duniani chemchemi za moto za kilindini, zilizogunduliwa karibu na visiwa vya Galapagos mwaka 1977, zina viumbe wengi mahali ambapo jua halifiki, na wapo vijidudu wanaoishi kwa kuunganisha haidrojeni na kabonidayoksaidi.

Kisha mwaka 2023 ikatangazwa kwamba fosfeti, chumvi yenye fosforasi, nayo imo. Bila fosfeti hakuna vinasaba. Katika maji ya kawaida kalsiamu huikamata fosfeti ikawa mawe; penye magadi mengi, kaboneti huiwahi kalsiamu, fosfeti ikabaki majini. Ndivyo yalivyo maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa. Maji ya Natron huchoma ngozi, lakini vijimea vyake hulisha flamingo kwa maelfu. Kwangu mimi, huo ndio ushahidi unaonifanya nisiuone ukali wa maji kuwa mwisho wa habari.

Hata hivyo unga, sukari na mafuta mezani si maandazi. Hakuna kiumbe aliyeonekana Enceladus, wala Cassini hakikubeba vifaa vya kumtambua. Kilirushwa mwaka 1997, kabla ya mtu yeyote kujua habari ya mvuke ule. Mafuta yalipokaribia kuisha, Septemba 15, 2017, waliokiongoza walikitumbukiza ndani ya Zohali kikateketea, ili kisije siku moja kikaiangukia Enceladus na kuipelekea vijidudu vya kwetu.