Je, wajua? Pikipiki isiyo na breki hukataje kona?

Pikipiki ya mbio za spidiwei haina breki, si mbele si nyuma. Gia ni moja tu. Injini yake ya silinda moja, cc 500, inakunywa methanoli badala ya petroli. Madereva wanne hutoka pamoja na kuuzunguka uwanja wa changarawe laini mara nne, kila kona ikiwa ya kushoto. Wa kwanza hupata pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, wa mwisho hana chake.

Sasa kona wanaikataje? Kwa kuteleza makusudi. Dereva huilaza pikipiki kushoto na kuvuta mafuta. Gurudumu la nyuma hukosa mshiko, likasukumwa nje, na pua ya pikipiki ikageukia ndani. Ukimtazama kwa mbele utadhani amekosea njia: anakwenda kushoto, usukani ameukata kulia! Huko kuteleza ndiko kunakokula mwendo, na akitaka kupunguza zaidi huachia mafuta. Breki ingekuwa balaa, maana walio nyuma wamemkaribia mno. Akisimama ghafla watampanda mgongoni.

Wengi huburuza mguu wa kushoto, wenye soli ya chuma, ili wasianguke. Lakini Peter Craven, dereva wa zamani wa spidiwei, alitegemea zaidi kiwiliwili chake. Kijana huyu wa Liverpool, aliyezaliwa mwaka 1934, alikuwa na umbo dogo, hivyo hakushindana na pikipiki kwa nguvu. Alihamisha uzito wake huku na huku juu yake hadi mashabiki wakambandika jina la mchawi wa kujisawazisha. Akiwa na miaka 21 tu, mwaka 1955, alitwaa ubingwa wa dunia pale Wembley. Aliurudia mwaka 1962. Kabla yake Freddie Williams alikuwa ameshautwaa mara mbili, lakini huyo ni wa Wales. Kwa waliozaliwa England, Craven ndiye wa kwanza kuutwaa mara mbili.

Klabu yake ilikuwa Belle Vue ya Manchester. Tarehe 20 Septemba 1963 ilikwenda kushindana Edinburgh, na katika mbio mojawapo mpinzani akaanguka mbele yake. Craven alimkwepa, akaenda kugonga uzio. Alifariki siku nne baadaye, akiwa na miaka 29. Yule aliyeanguka alipona.