Mshumaa wa nta hausafishi hewa, na hauhitaji uongo huo ili ununuliwe

Ujumbe umekuja tena wiki hii, na safari hii najibu hapa ili wasome wote. Mtoto ana pumu, mama ameambiwa kwamba mshumaa wa nta ya nyuki unasafisha hewa, sasa anauliza awashe mingapi chumbani na kama afunge madirisha ili hiyo hewa safi isitoke. Hapana, mama. Usiwashe hata mmoja. Fungua madirisha, ufuate dawa na maelekezo ya daktari. Mshumaa ni moto, na mwenye pumu hafungiwi ndani pamoja na moto, hata kama kuni zake zimetengenezwa na nyuki.

Maneno yenyewe siku hizi yanaandikwa mpaka kwenye lebo. Eti nta ikiungua inatoa ioni hasi (chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme), ioni zinakamata vumbi, chavua na harufu mbaya, vyote vinadondoka chini na hewa inabaki safi. Kinachoniudhi ni kwamba uongo huu umeshonwa na kipande cha ukweli. Ni kweli ndani ya ulimi wa moto kuna ioni. Lakini zimo hasi na chanya pamoja, nyingi zinakutana na kufutana papo hapo, na zimo katika kila moto unaounguza kitu chenye kaboni na haidrojeni: parafini (nta ya petroli ya mishumaa ya kawaida ya dukani), gesi, mafuta ya taa, kuni. Kama ioni za moto zingesafisha nyumba, kenchi za jikoni kwa bibi zisingekuwa nyeusi.

Tupige hesabu. Mshumaa wa kawaida wa mezani unakula nta gramu 5 hadi 8 kwa saa. Tuseme 6. Karibu asilimia 80 ya uzito wa nta ni kaboni, kwa hiyo gramu hizo 6 zinageuka kuwa hewa ukaa gramu 17 hivi na mvuke wa maji gramu 7 hivi, na oksijeni ya kufanya kazi hiyo yote inatoka chumbani mwako. Joto lake ni kama wati 70, si mbali sana na joto la mtu mzima aliyekaa kimya karibu nawe. Washa mitatu ndani ya chumba cha futi kumi kwa kumi, Tanga, mwezi wa pili, kaskazi limetulia na madirisha yamefungwa, kisha uniambie hewa imekuwa nzuri. Na mbu nao wanafuata hewa ukaa, joto na unyevu. Nta peke yake haifukuzi mbu, kwa hiyo anayekuuzia kwa sababu hiyo anakupotosha mara ya pili.

Uongo wa pili ni mdogo zaidi ila unawasumbua watu wengi zaidi: kwamba nta haitoi moshi, kwa hiyo mshumaa ukitoa moshi basi si nta. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mishumaa mizuri inatupwa kwa kosa la utambi.

Masizi ni kaboni ambayo haikupata nafasi ya kuungua mpaka mwisho. Utambi ukivuta nta nyingi kuliko moto unavyoweza kuila, masizi yanatoka. Upepo ukiyumbisha ulimi wa moto, masizi yanatoka. Parafini iliyosafishwa vizuri, yenye utambi unaolingana nayo, mahali pasipo na upepo, inaungua karibu safi sawa na nta. Nta yenye utambi mnene chini ya feni inachafua ukuta. Nauza nta, na bado nasema hivyo.

Nta inayeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64, parafini nyingi za mishumaa zinayeyuka chini ya hapo, na nta iliyoyeyuka ni nzito kuliko parafini, haipandi upesi kwenye uzi. Kwa hiyo nta inataka utambi mnene zaidi kwa mshumaa wa unene uleule. Fundi aliyezoea parafini akimimina nta kwenye kalibu zake bila kubadilisha utambi, mshumaa unachimba shimo katikati, kuta zinabaki zimesimama, moto unazama kwenye dimbwi lake na kuzimika. Mteja anasema nta ni mbaya, kumbe nta haina kosa.

Utambi wenyewe uwe wa pamba iliyosukwa, wa mraba. Ule uliosukwa hujikunja kadiri unavyoungua, ncha yake inatoka kwenye ukingo wa ulimi wa moto na kuteketea huko. Fundi Mfaransa aliyeitwa Cambacérès ndiye aliyeleta utambi wa kusukwa mwaka 1825, na kabla yake watu walikaa na mkasi mkononi usiku kucha. Uzi wa kusokota tu, ambao baadhi ya mafundi wetu bado wanautumia kwa kuwa ni rahisi kupatikana, unabaki umesimama wima katikati ya moto na kuota kichwa cheusi kama uyoga. Kichwa hicho ndicho kinachofuka. Kikate. Kabla ya kila kuwasha, punguza utambi ubaki milimita 5 au 6, na usiangushe kipande cheusi kwenye nta, kwa sababu kinageuka utambi wa pili.

Kuna majedwali yanayosema kipenyo hiki kinataka utambi huu. Ninayo, na siyaamini moja kwa moja. Nta ya Handeni ya msimu huu si sawa na ya msimu uliopita. Moja ina gundi nyingi ya nyuki (utomvu wanaozibia nyufa za mzinga), nyingine imechujwa mara moja tu, na punje za gundi zinaziba utambi kama mchanga kwenye bomba. Njia pekee ni kumimina mishumaa mitatu kwa nta ileile na tambi tatu za unene tofauti, kuiwasha saa mbili mahali palipotulia, na kuchagua ule wenye ulimi wa sentimita 3 hivi, usioyumba, usio na uzi wa moshi juu yake. Kila shehena mpya, jaribio jipya. Mnunuzi hawezi kufanya hivyo dukani, lakini anaweza kumuuliza fundi kama amefanya, na jibu la kusitasita linatosha kumfahamisha.

Sasa usafi wa nta yenyewe. Rangi haikuambii kitu. Manjano inatokana na chavua na gundi ya nyuki, sega kuukuu linatoa nta ya kahawia, jua linaipausha. Harufu nayo inaongezwa kwa matone machache ya kununua. Uzito mkononi unadanganya. Jaribio ninalolipenda linataka spiriti ya duka la dawa, glasi, maji, na kipande cha nta unachojua ni halisi, ukubwa wa punje ya muhindi.

Tia kipande halisi kwenye spiriti, kitazama. Ongeza maji kidogo kidogo ukikoroga, mpaka kipande kianze kusita, kisizame kabisa wala kisielee, kining'inie katikati ya glasi. Kwa spiriti ya asilimia 70, utafika hapo unapokaribia maji sawa na spiriti. Sasa tia kipande unachokishuku. Nta halisi itakaa karibu na mwenzake. Yenye parafini itapanda juu, kwa sababu parafini ni nyepesi. Angalia mambo mawili. Kipande chenye kiputo cha hewa ndani kitaelea hata kama ni halisi, kwa hiyo kikande kwanza kwa vidole mpaka kishikane. Pia vifute viputo vinavyong'ang'ania nje yake, maana vinakibeba kama boya. Na usifanye haya karibu na mshumaa unaowaka, spiriti inashika moto.

Jaribio hili lina tundu, nami sitalificha: linakamata parafini, halikamati kila kitu. Stearini, ile nta ngumu inayotokana na mafuta ya mnyama au mimea, uzito wake uko karibu na wa nta, na mchanganyaji hodari anaweza kupima parafini na vitu vingine mpaka kipande kikae palepale katikati. Hapo saidia kwa maji ya moto. Weka vipande vyembamba kwenye maji ya nyuzi 60 kwa kipimajoto, si kwa kukisia. Nta halisi inalainika lakini inashika umbo, wakati parafini nyingi na mafuta ya mnyama yanakuwa yameshayeyuka. Mchanganyiko wenye nta nyingi na kidogo cha kigeni unaweza kupita majaribio yote mawili, na huo unagunduliwa maabara tu. Ndiyo maana nashauri mtu anunue kwa fundi anayeweza kutaja nta yake imetoka kijiji gani.

Kuhusu ule unga mweupe juu ya mshumaa: si kuvu. Ni sehemu laini za nta yenyewe zinazojitokeza juu taratibu, na zinayeyuka kwenye nyuzi 39 hivi. Futa kwa kitambaa laini, basi. Lakini usiugeuze kuwa kipimo pia, kwamba usio na unga ni feki. Kwa joto letu la pwani unaweza kuchelewa miezi.

Mshumaa ukitatarika na kurusha cheche, una maji au mabaki ya asali ndani. Fundi aliharakisha kuyeyusha. Nta inayeyushwa ndani ya sufuria iliyowekwa kwenye maji ya moto, haiwekwi juu ya moto wenyewe, na isipite nyuzi 85, la sivyo inaungua rangi. Sufuria iwe ya aluminiamu au chuma kisichoshika kutu. Chuma cha kawaida na shaba vinaitia rangi chafu. Ukiyeyusha masega na maji, tumia ya mvua. Maji ya visima vyetu vya mwambao yana chokaa nyingi, na chokaa inaifanya nta kuwa kama sifongo laini lenye maji tumboni, halafu mtu anashangaa mshumaa unalia.

Mishumaa ya kwenye glasi ni habari nyingine. Nta ikiganda inasinyaa karibu asilimia 10, inaachana na kioo na kupasuka kuzunguka utambi, ndipo watu wanaichanganya na mafuta ya nazi. Mapishi ya mitandaoni yameandikwa kwa nchi za baridi. Mafuta ya nazi yanaganda chini ya nyuzi 24, na Tanga yanakaa majimaji kwenye chupa karibu mwaka mzima. Ukitia robo nzima kama wanavyosema, mshumaa utatoka jasho kabatini. Usizidi sehemu 1 ya mafuta kwa sehemu 9 za nta, na uandike kwenye lebo kwamba umechanganya. Kama wewe ni mnunuzi, chukua wa kusimama, wenye kipenyo cha sentimita 5 au chini yake, uweke kwenye kisahani cha udongo. Ile ya karatasi za nta zilizoviringishwa inapendeza, ila ina hewa kati ya tabaka na inaisha upesi.

Kwa nini basi ununue? Kwa sababu mshumaa wa gramu 100 uliotengenezwa sawasawa unakupa saa 14 au zaidi umeme ukikatika. Kwa sababu haupindi mezani wakati wa kaskazi kama ile laini ya dukani. Kwa sababu ukilinganisha na kibatari, hauna harufu ya mafuta ya taa wala pua nyeusi asubuhi, na harufu yake ni ya sega, haikutiwa manukato. Na kwa sababu Handeni na Kilindi bado kuna mizinga ya magogo, ambayo ukirina unakata sega zima, kisha warinaji wengi wanakamua asali na kulitupa sega porini. Sega hilo ni pesa. Kila mshumaa wa nta halisi unaonunuliwa mjini unampa mrinaji sababu ya kulibeba nyumbani. Mimi sababu hii peke yake inanitosha, na inaniuma ikizikwa chini ya hadithi za ioni.

Ukishaununua, mara ya kwanza uache uwake mpaka dimbwi la nta likaribie ukingo, saa mbili kwa mshumaa wa sentimita 5. Ukiuzima baada ya dakika ishirini, utachimba shimo lilelile kila siku. Ukingo ukibaki umesimama, usukume ndani kwa vidole ukiwa bado laini. Kusi likivuma, usiuweke kwenye njia ya upepo kati ya dirisha na mlango. Chandarua kiwe mbali nao kabisa, na usilale ukiwa unawaka.

Kuzima, usipulize. Ule moshi mweupe unaokera pua ni mvuke wa nta ambao haukuungua. Chukua kijiti cha waya, lalisha utambi kwenye dimbwi, moto utazimika bila moshi, kisha uinue tena kabla nta haijaganda. Utambi utakuwa umelowa nta, tayari kwa kesho. Na mabaki usiyaoshe kwa maji ya moto kwenye sinki, yataganda kwenye bomba. Yachokonoe yakiwa baridi, uyaweke kwenye kopo. Yakifika nusu kilo, mpelekee fundi wako ayayeyushe upya.