Barua ya Mapendekezo ya Chuo cha Meno: Mpendekezaji Hasa ni Nani?

Barua ya mapendekezo ni ushahidi wa maandishi wa mtu aliyeiona kazi ya mwombaji kwa macho yake, na mpendekezaji ni huyo shahidi. Maana yenyewe haina ugumu. Hata hivyo, hapa Nairobi mpendekezaji amechanganywa na mdhamini kiasi kwamba mwanafunzi anayeomba nafasi ya kusomea udaktari wa meno Marekani huanza kwa kuuliza ni nani katika ukoo anayemjua mbunge, askofu au mkurugenzi.

Mchanganyiko huo una chanzo. Anayetoka kidato cha nne akitaka shahada ya udaktari wa meno katika Chuo Kikuu cha Nairobi hupangiwa nafasi na KUCCPS, taasisi ya serikali inayogawa nafasi za vyuo, kwa alama zake za KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, bila kuulizwa barua ya mtu. Barua tulizozizoea ni za namna nyingine: ya chifu inayothibitisha kwamba wewe ni mkazi wa eneo lake, au ya mchungaji inayoambatanishwa na ombi la basari. Nguvu ya hizo iko kwenye muhuri. Chifu hana haja ya kujua ulifanyaje jaribio la kemia, kwa kuwa cheo chake ndicho kinachoifanya barua iaminike.

Kwa vyuo vya meno vya Marekani, cheo kina uzito mdogo sana. Maombi mengi hupitia mfumo wa pamoja uitwao AADSAS, ambao hupokea hadi barua nne, na ni kawaida kwa chuo kutaka barua za wahadhiri wa sayansi waliomfundisha mwombaji, pamoja na ya daktari wa meno aliyemruhusu kusimama kando ya kiti cha mgonjwa na kutazama. Kamati tayari ina alama zake na matokeo ya DAT, mtihani wa kuombea nafasi katika vyuo vya meno. Inachotafuta ni yale ambayo alama hazisemi. Msimamizi wa maabara anaweza kuandika kwamba mwanafunzi huyu alirudia kipimo mara ya tatu bila kuombwa, kwa sababu majibu mawili ya kwanza hayakuwiana, kisha akabaki kusafisha vyombo ambavyo si yeye aliyevichafua. Mbunge ataandika nini? Kwamba kijana ametoka katika familia yenye heshima, ana bidii na atalifaa taifa. Maneno hayo yangeweza kuandikiwa yeyote katika eneo bunge lake, na msomaji mzoefu huyatambua kabla hajafika kwenye sahihi. Mjomba mwenye kliniki ya meno naye, hata akiwa ameona mengi, ni shahidi wa nyumbani, na ushahidi wake hupimwa hivyo.

Ipo desturi nyingine inayotokana na kosa hilohilo: mwombaji hujiandikia barua, kisha mkubwa hutia sahihi na kugonga muhuri. Katika AADSAS mpendekezaji hutumiwa ombi kwa barua pepe na kuipakia barua mwenyewe. Sheria ya Marekani ya mwaka 1974, FERPA, humpa mwanafunzi haki ya kuona kumbukumbu zake, na ndiyo maana mwombaji huulizwa kama anaiachilia haki ya kuzisoma barua hizo. Asipoiachilia, msomaji anaweza kushuku kwamba aliyeandika alijizuia.

Namna ya kumpata mpendekezaji, basi, ni kumwendea mtu mapema na kumuuliza waziwazi: “Daktari, unaona unanifahamu kiasi cha kuniandikia barua yenye uzito?” Akisitasita, mshukuru na umwendee mwingine, kwani amekusaidia kuliko ambavyo angekuandikia aya mbili za adabu. Na aliyekwisha kupata barua ya mbunge asiitupe. Aiambatanishe na ombi la basari, ambako itamfaa, na kwa chuo cha meno amtafute yule mhadhiri msaidizi aliyekuwa akimrudishia ripoti za maabara zimejaa wino mwekundu.