Maji yanayofika baharini hayapotei bure

Dhana potofu kuhusu mito, maziwa na ardhi oevu ina madhara madogo ikibaki barazani. Madhara makubwa huja inapoingia kwenye bajeti, kwenye ramani ya bwawa jipya na kwenye vibali vya kuchota maji. Nimeanza na ile ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo iliyozaa nyingi za zinazofuata.

Dhana: Maji ya mto yasiyotumiwa kabla ya kuingia baharini yamepotea.

Mto hubeba vingi zaidi ya maji. Hubeba mashapo yanayojenga delta na virutubisho vinavyolisha viumbe wadogo ambao samaki huwategemea, na msukumo wake huzuia chumvi isipenye kwenye ardhi ya mwambao. Mikoko na mazalia ya kamba huishi hapo hapo, maji ya mto na ya bahari yanapochanganyika.

Misri ilipoanza kujaza ziwa la Bwawa Kuu la Aswan mwaka 1964, mafuriko ya kila mwaka ya Nile yalikoma, na muda mfupi baadaye uvuvi wa sadini kwenye pwani ya delta ukaporomoka. Tope lililokuwa likiijenga delta hiyo kwa maelfu ya miaka sasa linatua nyuma ya ukuta wa bwawa, huku bahari ikiendelea kuimega pwani. Bwawa lilileta umeme na kinga dhidi ya ukame, na faida hizo ni za kweli. Tatizo ni kwamba anayehesabu maji ya baharini kuwa hasara tupu humfuta mvuvi wa pwani kwenye hesabu kabla haijaanza.

Kinyume chake pia kimeonekana. Kwa miongo mingi Mto Colorado, unaotoka Marekani na kuingia Mexico, umekuwa ukikauka kabla ya kufika Ghuba ya California. Mwaka 2014, kwa makubaliano ya 2012, Marekani na Mexico zilifungulia maji kwa wiki kadhaa, kwa ajili ya mto wenyewe. Mto ukagusana tena na bahari, na miti ya kingoni ikachipua. Maji hayo yalikuwa sehemu ndogo sana ya mtiririko wa zamani, lakini yalifunguliwa kwa wakati uliofaa, na mti wa kingoni hujali wakati kama unavyojali wingi.

Dhana: Ardhi oevu ni ardhi iliyokaa bure, tena inafuga mbu.

Ardhi oevu hupokea mafuriko, huyapunguza kasi na huyaachilia taratibu, huku ikichuja sehemu ya uchafu. Mto Kissimmee wa Florida ni mfano mzuri. Kati ya 1962 na 1971 wahandisi waligeuza kilomita zipatazo 166 za mto wenye kona nyingi kuwa mfereji ulionyooka wa kilomita 90. Mafuriko yalidhibitiwa, lakini ardhi oevu ikakauka na ndege wa majini wakahama kwa wingi. Kazi ya kuufukia mfereji ilianza 1999 na kumalizika 2021, nayo imerudisha sehemu tu ya mto. Kuunyoosha kulichukua chini ya miaka kumi.

Kuhusu mbu, spishi kuu inayoeneza malaria barani Afrika, *Anopheles gambiae*, hupenda madimbwi madogo yanayopigwa na jua: nyayo za ng'ombe, michirizi ya matairi, mashimo ya matofali. Mafunjo mazito hutia kivuli na hupoza maji. Utafiti uliofanywa katika nyanda za juu za kusini magharibi mwa Uganda ulikuta mbu wengi zaidi karibu na vinamasi vya mafunjo vilivyofyekwa na kulimwa kuliko karibu na vile vilivyoachwa vilivyo.

Dhana: Maji maangavu ni maji yenye afya.

Mvua ya asidi ilipoathiri maziwa ya Skandinavia, mengi yalikuwa maangavu ajabu na hayakuwa na samaki. Ndiyo maana watafiti wa mito hugeuza mawe kutafuta mabuu ya wadudu, kwa kuwa wapo wasiovumilia uchafu hata kidogo na wapo wanaostawi kwenye tope lisilo na oksijeni. Chupa ya maji hueleza hali ya saa ile ilipochotwa. Wadudu hueleza miezi iliyopita.

Dhana: Umwagiliaji wa matone huuachia mto maji zaidi.

Hii hukubalika haraka kwa sababu ina nia njema. Kilimo huchukua karibu asilimia 70 ya maji yasiyo na chumvi yanayochotwa duniani, kwa hiyo ni kawaida kutaka kubana hapo. Lakini kwenye mfereji wa kawaida, sehemu ya maji "yanayopotea" hupenya ardhini au hurudi mtoni, na mtu aliye chini zaidi mtoni huyatumia. Matone huyazuia hayo yasirudi. Kisha mkulima aliyebakiwa na maji hupanua shamba au hubadili zao, na hana kosa, kwa sababu kibali chake kinamruhusu. Mavuno yanaongezeka na mto unabaki ulivyokuwa, au unapungua. Serikali inayotoa ruzuku ya mipira ya matone bila kupunguza kiasi kilichoandikwa kwenye kibali imesaidia kilimo, jambo jema, lakini isiite hilo uhifadhi wa maji.

Dhana: Sera isubiri hadi mabishano yote ya kitaalamu yaishe.

Miaka ya 1960 watengenezaji wa sabuni walisisitiza kwamba mwani ulioziba maziwa ya Amerika Kaskazini ulisababishwa na kaboni, si fosfeti zao, yaani kemikali za sabuni zenye fosforasi. Kuanzia 1969, kwenye maziwa ya majaribio ya Ontario, mtafiti wa maziwa David Schindler na wenzake walitia fosforasi na naitrojeni bila kaboni katika Ziwa 227, na mwani ukajaa, kwani kaboni ilitoka hewani. Mwaka 1973 waligawa Ziwa 226 kwa pazia. Upande uliotiwa fosforasi uligeuka kijani, na picha yake ya angani ikawa maarufu. Kanada ilikuwa imeanza kubana fosfeti za sabuni tangu 1970, kabla ya picha hiyo, kwa ushahidi uliokuwapo.

Dhana: Sheria ikipita, mto umelindwa.

Sheria ya maji ya Afrika Kusini ya 1998 iliutengea mto fungu lake: kwanza mahitaji ya msingi ya watu na ya mto wenyewe, kisha wengine. Tanzania iliweka akiba ya mazingira katika sheria ya 2009, na sheria ya Kenya ya 2016 inayo pia. Hata hivyo Mto Ruaha Mkuu wa Tanzania, uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya hifadhi ya taifa tangu miaka ya 1990, huku viboko wakisongamana kwenye vidimbwi vilivyobaki. Akiba iliyoandikwa inahitaji kiwango kilichopimwa kwa kila sehemu ya mto, vituo vya vipimo vinavyosomwa kila siku, na ofisa mwenye mamlaka ya kufunga lango la mfereji Septemba, wakati kila mtu aliye juu yake anataka libaki wazi.