Moodle ikikwama saa tatu asubuhi: foleni iko wapi?

Mtihani wa mtandaoni kwenye Moodle, mfumo wa masomo wa chuo, umepangwa saa tatu kamili. Wanafunzi 400, wengine katika maabara Tudor, wengine na simu zao Likoni na Mtwapa, wanabonyeza kitufe cha kuanza kwa mpigo mmoja, na ukurasa unazunguka tu. Utasikia kwanza kwamba intaneti ni mbovu, kisha kwamba inunuliwe seva kubwa zaidi. Yote mawili yangoje mpaka ijulikane muda unaliwa wapi.

Kama mbele ya Moodle kuna nginx, programu inayopokea maombi ya wanafunzi, ongeza vitu viwili kwenye muundo wa logi yake (kumbukumbu ya kila ombi): $request_time na $upstream_response_time. Cha kwanza ni muda wote tangu ombi kuingia hadi jibu kumalizika kutumwa. Cha pili ni muda ambao nginx iliingoja PHP, lugha ambayo Moodle imeandikwa, pamoja na kukaa foleni. Ukiona sekunde 9 kwa 0.4, seva ilishamaliza kazi na jibu limechelewa njiani kwenda kwa mwanafunzi. Ukiona 9 kwa 8.9, usimpigie simu mtu wa mtandao. Tatizo liko ndani.

Ndani, anza na logi ya PHP-FPM, programu inayoendesha michakato ya PHP, kila mchakato ukihudumia ombi moja kwa wakati mmoja. Tafuta maneno "server reached pm.max_children". Debian na Ubuntu huja na kikomo cha michakato 5 tu, na kuna seva za vyuo zinazoendeshwa hivyo hivyo miaka nenda miaka rudi. Lakini usiandike 500 kwa pupa. Pima mchakato mmoja unatumia RAM kiasi gani, kisha gawanya. Seva ya GB 16 ikiipa hifadhidata GB 6 na mfumo GB 2, zinabaki GB 8. Mchakato ukila MB 80, unapata kama 100. Ukizidisha, seva itaanza kutumia diski badala ya RAM na kila kitu kitasimama. Tena MySQL, programu ya hifadhidata, huruhusu miunganisho 151 isipobadilishwa, kwa hiyo michakato 200 itakuletea kosa la "Too many connections" wakati huohuo wa msongamano.

Sasa hesabu muhimu kuliko zote. Michakato 100, kila ombi likichukua nusu sekunde, inahudumia maombi 200 kwa sekunde. Ulizo moja zito la hifadhidata likirefusha ombi hadi sekunde 4, unahudumia 25. Wanafunzi 400 wanahitaji sekunde 16, na kabla hazijaisha wengi wamesharudia kubonyeza, kila mbonyezo ukiwa ombi jipya nyuma ya yale ya zamani. Ndiyo maana naiangalia hifadhidata kabla ya kugusa idadi ya michakato.

Washa slow_query_log, logi ya MySQL ya maulizo ya polepole, na ushushe long_query_time, muda ambao ulizo likiuvuka linaandikwa, hadi sekunde 1, kwa sababu bila kuguswa ni sekunde 10, na ulizo la sekunde 4 halitaandikwa. Angalia pia innodb_buffer_pool_size, RAM ambayo MySQL huwekea data yake: kiwango chake cha kuanzia ni MB 128, kidogo mno kwa chuo. Jedwali la mdl_logstore_standard_log, ambamo Moodle huandika kila tendo la watumiaji, hukua kila siku; liwekee kikomo cha siku za kuhifadhi, la sivyo ripoti moja ya mhadhiri italisoma lote mtihani ukiendelea. Nakala rudufu za kozi nazo, zikianza usiku na kuvuka hadi asubuhi, huishughulisha mno diski. Amri ya iostat -x itakuonyesha.

Akilalamika mhadhiri mmoja tu, huenda anapakua alama za darasa kubwa. Moodle inaweza kuishikilia (lock) sesheni yake, yaani kikao chake tangu aingie, mpaka kazi hiyo iishe, hivyo kurasa zake nyingine zinangoja. Akaunti nyingine kwenye kivinjari kingine ikifunguka vizuri, umepata jibu.

Vipi nyaya za intaneti za baharini? SEACOM na EASSy zilipokatika Mei 2024, mwanafunzi wa Kisauni anayetumia seva iliyoko Kenya hakupaswa kukosa mtihani. Anachoweza kukosa ni vitu vya nje: video za YouTube, na MathJax, programu ya kuonyesha milinganyo ya hisabati, ambayo kwa kawaida Moodle huichukua kwenye seva za mbali. Milinganyo ikionekana kama alama ghafi za LaTeX (msimbo wa kuandikia hisabati), iweke MathJax kwenye seva yako.

Majibu yanayojihifadhi yenyewe kila sekunde 60 hayaogopeshi: wanafunzi 400 ni maombi kama 7 kwa sekunde. Hatari iko mwanzoni, na mwishoni muda unapowaishia wote pamoja. Gawa darasa makundi manne, yaanze kwa kupishana dakika 5. Hilo halina gharama yoyote. Kisha, kwenye seva ya majaribio, tumia kifaa cha Moodle chenyewe kinachotengeneza kozi ya mfano na mpango wa JMeter, programu ya kuiga watumiaji wengi, uongeze watumiaji 50 kwa 50 huku ukitazama zile namba mbili za nginx. Idadi ambayo PHP inaanza kuvuka sekunde 2 ndiyo idadi ya kumwambia mratibu wa mitihani.