Moshi Unavyoufikia Ubongo

Mgonjwa anapoletwa wodini kwa kiharusi, maswali yetu madaktari huwa ni yale yale. Ana presha? Ana kisukari? Anavuta sigara? Ni maswali ya lazima, hasa lile la kwanza, kwa sababu shinikizo la juu la damu ndilo chanzo kikubwa kuliko vyote. Lakini lipo swali moja ambalo hatuliulizi, na kwa maoni yangu ni kosa letu: huyu mtu amekuwa akivuta hewa ya namna gani, nyumbani na kazini?

Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2021 yanaonyesha kwamba watu milioni 11.9 walipatwa na kiharusi kwa mara ya kwanza mwaka huo, na watu milioni 7.3 walikufa kwa ugonjwa huo. Watafiti walipopima miaka ya maisha inayopotea kwa vifo na ulemavu wa kiharusi, takribani asilimia 17 waliihusisha na chembechembe chafu zilizomo katika hewa ya nje. Sigara ilichangia takribani asilimia 14. Naomba msomaji arudie kuzisoma namba hizo mbili. Sigara tumeipigia kelele kwa miongo mingi, tena kwa haki kabisa. Hewa iliyoizidi hatujaisemea hata nusu yake. Na hapo sijataja bado moshi wa majumbani, wa kuni, mkaa na samadi, ambao nao ulikadiriwa kuchangia karibu asilimia 11.

Watu huniuliza: moshi unaingia mapafuni, sasa ubongo unahusikaje? Jibu limo katika udogo wa chembe zenyewe. Vumbi la kawaida hunaswa na vinyweleo vya pua au hutoka na makohozi. Chembe zinazotutia hofu ni zile zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, yaani kama sehemu moja ya thelathini ya unene wa unywele. Hizo hupita koo, hupita njia zote za hewa, zikatua kwenye vifuko vya mwisho kabisa vya mapafu, pale ambapo hewa na damu hutenganishwa na utando mwembamba mno. Seli za kinga huzivamia na kumwaga kemikali za kupambana nazo, na kemikali hizo huchukuliwa na damu hadi mwili mzima. Chembe ndogo zaidi ya hizo huweza kuvuka utando wenyewe na kuingia kwenye damu.

Kuanzia hapo madhara huenda kwa mwendo wa aina mbili. Upo wa haraka, wa saa na siku: mishipa hujikaza, presha hupanda, damu huganda kwa urahisi zaidi, na moyo ambao tayari una hitilafu huweza kupoteza mpangilio wa mapigo yake. Donge la damu likitoka moyoni, huweza kwenda kuziba mshipa wa ubongo, na hapo ndipo kiharusi hutokea. Upo pia wa polepole, wa miaka, ambapo kuta za mishipa hukakamaa na mafuta hujijenga ndani yake kidogo kidogo, bila maumivu wala dalili. Mtu aliyekwisha kuharibika mishipa kwa mwendo wa pili ndiye anayeangushwa kirahisi na ule wa kwanza, siku hewa inapochafuka kupita kawaida.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipunguza kwa nusu kiwango linachokipendekeza cha chembe hizi, kutoka wastani wa mikrogramu 10 kwa mita moja ya ujazo kwa mwaka hadi 5. Karibu asilimia 99 ya watu duniani wanaishi penye hewa isiyofikia viwango vya shirika hilo.

Kundi linalonisumbua zaidi moyoni ni la walionusurika. Baada ya kiharusi wengi hushindwa kumeza vizuri. Chakula na mate huteleza kwenda mapafuni, na nimonia ni miongoni mwa mambo yanayowaua zaidi katika majuma ya mwanzo. Mapafu yaliyochoshwa na moshi hayana nguvu ya kujisafisha. Halafu tunamruhusu mgonjwa huyo, tunampa dawa za presha na ratiba ya mazoezi, naye hurudi kulala chumba kinachopakana na jiko la moshi, au kukaa kutwa nzima dirishani kando ya barabara ya malori. Familia ikimhamishia upande wa pili wa nyumba, imempa tiba ambayo sisi tumesahau kuiandika.

Mengine yanayowezekana: kupikia mahali pa wazi kama hakuna gesi wala umeme, kutochoma taka na plastiki karibu na makazi, kutembea na kufanya mazoezi mbali na barabara kuu. Kitambaa cha kawaida usoni hakizuii chembe hizi; barakoa za kitaalamu zinazobana vizuri ndizo zinazosaidia. Dawa za presha zisikatizwe. Hata hivyo sitaki kumbebesha mtu mmoja mmoja mzigo usio wake. Hakuna anayechagua hewa ya mji wake. Mafuta ya magari, moshi wa viwanda na uchomaji wa taka ni mambo ya sheria, na wenye mamlaka ndio wanaopaswa kuyajibu.

Uso ukipinda upande mmoja, mkono ukilegea ghafla au maneno yakivurugika, mkimbizeni mgonjwa hospitali saa hiyo hiyo, na mkumbuke ni saa ngapi alionekana mzima mara ya mwisho. Dawa ya kuyeyusha donge hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na mshipa mkubwa ukiziba, kila dakika inayopita huua seli za ubongo zipatazo milioni 1.9.